Kuchuja Data za Ramani: 'Na' au 'Au'?

Ramani za kompyuta hutumika siku hizi katika mipango ya elimu, afya na maji. Yafaa basi tutazame istilahi za kazi moja ambayo makosa yake hayapigi kelele: kuchuja data za kijiografia na kutoa nakala ya zilizochujwa.

Ramani ya namna hiyo huambatana na jedwali. Kila kitu kilichochorwa, tuseme shule, kina safumlalo yake. Na kila sifa ya kitu hicho, kama vile mkoa, ina safuwima yake. Sentensi inayoiamuru kompyuta ichague vitu kwa kufuata sifa zake tunaiita ulizo. Maulizo yakiandikwa kwa mfuatano na kuhifadhiwa ili yatekelezwe tena na tena, tunapata hati ya amri.

Hapa ndipo lugha inapotega. Mkuu wa idara akisema, "Nipatie shule za Lindi na Mtwara," sote twaelewa kuwa anataka za mikoa yote miwili. Lakini fundi akiandika ulizo lenye maana ya 'mkoa ni Lindi na mkoa ni Mtwara', hatapata hata shule moja, kwani hakuna shule iliyo katika mikoa miwili. 'Na' ya mazungumzo hujumlisha vitu. 'Na' ya ulizo hudai masharti yote yatimie katika kitu kimoja. Ulizo sahihi ni 'mkoa ni Lindi au mkoa ni Mtwara'. Kompyuta haitalalamika: italeta orodha tupu, na asiyejua ataamini kuwa shule hazipo.

Aidha, wako wasemao 'kusafirisha nje' data. Korosho ikisafirishwa nje haibaki ghalani, ilhali data hubaki zilipokuwa. Kwa hiyo twapendekeza 'kutoa nakala'.

Utoaji huo nao unagusa sarufi yetu. Muundo wa faili uitwao Shapefile, uliotungwa na kampuni ya Esri ya Marekani na ambao ungali ukitumika sana, haupokei jina la safuwima lenye zaidi ya herufi 10. Kiswahili hutanguliza neno kuu na kuacha mwishoni neno la kutofautisha. Matokeo yake, 'idadi_ya_wanafunzi' na 'idadi_ya_walimu' yote hukatwa yakabaki 'idadi_ya_w'. Programu huweza kuongeza tarakimu ili kuyatenga, lakini mpokeaji hatajua ipi ni ya walimu. Dawa yake ni kuziita safuwima hizo 'wanafunzi' na 'walimu' tangu mwanzo.

Wasomaji walio na istilahi bora kuliko hizi twawaomba wasisite kuzileta, mradi wazipime kwanza kazini.