Je, Wajua? Ismail Shammout, Mchoraji wa Safari ya Wapalestina

Je, wajua kwamba Ismail Shammout alizaliwa mwaka 1930 Lida, Palestina, mji uleule wa Matendo ya Mitume ambako Petro alimponya Enea?

Je, wajua kwamba Julai 1948, akiwa na miaka 18, yeye na familia yake walikuwa miongoni mwa makumi ya maelfu ya watu waliofukuzwa na wanajeshi wa Israeli kutoka Lida na mji jirani wa Ramla? Walitembea kwa miguu juani, bila maji. Mdogo wake, Tawfiq, alikufa kwa kiu njiani.

Je, wajua kwamba familia hiyo iliangukia kambi ya wakimbizi ya Khan Younis, Gaza? Kijana huyo alichuuza vitu vitamu ili nyumbani wapate riziki, kisha akajitolea kuwafundisha watoto wa kambini.

Je, wajua kwamba mwaka 1950 alikwenda Kairo kusomea uchoraji, na huko akajikimu kwa kuchora mabango ya sinema?

Je, wajua kwamba mwaka 1953 alirudi Gaza na kufanya maonyesho pamoja na ndugu yake, Jamil? Waliofika kuzitazama picha zake walikuwa wakimbizi wenzake. Walichokiona ukutani kilikuwa kimewapata wao wenyewe.

Je, wajua kwamba mwaka huohuo alichora “Kwenda Wapi?”, picha yake mashuhuri kuliko zote? Mzee amembeba mtoto aliyelala begani, wa pili amemshika mkono, na wa tatu anafuata nyuma. Mji umebaki mbali, na nyuma yao umesimama mti mkavu. Hakuna askari hata mmoja katika picha hiyo, wala bunduki. Shammout alijua kwamba swali la mtoto aliyechoka linatosha.

Je, wajua kwamba maonyesho yake ya Kairo ya mwaka 1954 yalifunguliwa na Gamal Abdel Nasser, kiongozi wa Misri? Miongoni mwa walioshiriki alikuwemo Tamam al-Akhal, mchoraji mzaliwa wa Yafa ambaye naye aliukimbia mji wake mwaka 1948. Shammout alikwenda kuongeza masomo Roma, na mwaka 1959 wawili hao wakaoana. Walichora bega kwa bega muda wote wa ndoa yao.

Je, wajua kwamba mwaka 1965 alikabidhiwa kitengo cha sanaa cha Chama cha Ukombozi wa Palestina, PLO? Nakala za picha zake zilichapishwa kwa wingi zikatundikwa katika nyumba za kambini, kwa watu ambao wasingeweza kununua mchoro halisi wala kuufuata kwenye jumba la sanaa.

Je, wajua kwamba alitengeneza pia filamu fupi, na mwaka 1989 akatoa kitabu kuhusu historia ya sanaa ya Palestina? Hakutaka kazi za wenzake zipotee kwa kukosa wa kuziandika.

Je, wajua kwamba kuhama kwake hakukukoma? Uvamizi wa Israeli nchini Lebanoni mwaka 1982 ulimtoa Beirut, alikokuwa akiishi, akaenda Kuwait. Vita vya Ghuba vikamtoa Kuwait akaenda Ujerumani, na hatimaye akahamia Amman, Jordan.

Je, wajua kwamba mwaka 1997, karibu nusu karne baada ya kufukuzwa, aliizuru tena Lida, akaingia kama mgeni? Baada ya hapo, yeye na Tamam walichora mfululizo wa picha kubwa 19 zinazosimulia safari nzima ya watu wao.

Shammout alifariki dunia Julai 2006, akiwa na miaka 76. Vitabu vya historia huwataja waliofukuzwa mwaka 1948 kwa idadi. Yeye aliwapa nyuso, umri na uchovu, na anayetaka kuuelewa mwaka ule hana budi kuzitazama picha zake.