Bustani ndani ya kioo

Je, msomaji, umewahi kufikiria kupanda bustani ndani ya maji? Tangi la kioo, mchanga, mawe, mimea na samaki wachache hutosha kuanzia. Waholanzi huipanga mimea kwa vikundi na safu, kama vitalu vya maua. Mjapani Takashi Amano, aliyefariki mwaka 2015, alipenda sura ya mlima na msitu. Katika mtindo wa iwagumi mawe huwa ya idadi ya witiri, moja likiyazidi mengine kwa ukubwa, na mimea mifupi hutandazwa chini kama zulia.

Kwenye joto la Mitunguu, kule Meru, hita haihitajiki. Adui ni jua: liweke tangi dirishani uone mwani utakavyofunika kila kitu! Badilisha robo ya maji kila wiki, na ya mfereji yenye klorini yalaze kwanza kwenye ndoo wazi.

Mimea unayopunguza, tafadhali, usiitupe mtoni. Mito ya Mitunguu huishia Tana. Gugu maji, lenye ua la kupendeza kutoka Amerika Kusini, lilionekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na hadi leo wavuvi wa Kisumu wanahangaika nalo. Ianike hadi ikauke kabisa, kisha iweke kwenye mashina ya migomba.