Zana za Isimila na Maisha ya Kale Nyanda za Juu Kusini

Korongo la Isimila liko kilomita zipatazo 20 kutoka Iringa mjini, pembeni ya barabara iendayo Mbeya. Linajulikana zaidi kwa nguzo zake ndefu za udongo, zilizochongwa na maji ya mvua na upepo, na wageni wengi huishia kupiga picha hapo. Hazina kubwa zaidi imelala chini kwenye mchanga: zana za mawe zilizotengenezwa kiasi cha miaka 260,000 iliyopita, kwa mujibu wa vipimo vya mifupa iliyofukiwa katika mashapo hayohayo.

Msafiri kutoka Afrika Kusini ndiye aliyeziona mwaka 1951. Mwaka 1957 na 1958 F. Clark Howell wa Chuo Kikuu cha Chicago na wenzake wakachimba na kukuta kwamba korongo hilo lilikuwa ziwa dogo. Wanyama walikuja kunywa, na binadamu wakawafuata. Mifupa iliyopatikana ni pamoja na ya tembo na ya kiboko aliyekwisha kutoweka duniani, ambaye macho yake yalichomoza juu kuliko ya kiboko wa leo.

Zana maarufu ya Isimila ni shoka la mkono. Halikuwa na mpini. Fundi alichukua bonge la itale au kwatsi, akaligonga kwa jiwe jingine upande mmoja, akaligeuza na kugonga upande wa pili, hadi likapata ncha mbele, makali pembeni na kitako cha kushika. Mengine ni makubwa kupita kiasi cha kawaida. Kazi hiyo haifanyiki kwa kubahatisha: aliyeianza alikwisha kuliona umbo kichwani, na alijifunza kwa mtu.

Mapango ya Magubike na Mlambalasi, mkoani Iringa pia, yanasimulia maisha ya baadaye, ya watu kama sisi. Yamechimbwa tangu mwaka 2006 na Pamela Willoughby wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, pamoja na watafiti wa Kitanzania. Magubike zimepatikana shanga za maganda ya mayai ya mbuni zenye umri wa miaka ipatayo 50,000. Kila ganda lilivunjwa, likatobolewa, kisha kingo zikasuguliwa hadi zikawa duara. Shanga haikati nyama wala haichimbi mizizi. Aliyeivaa alitaka kuonekana na kutambuliwa na wenzake. Mlambalasi, karibu na kaburi la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, yamekutwa mabaki ya watu wa kale sana, akiwemo mtu mzima wa kimo kifupi.

Upande wa Mbeya, ushahidi wa karibu zaidi na zama zetu uko Ivuna, kusini mwa Ziwa Rukwa, sehemu iliyokuwa Mkoa wa Mbeya kabla ya Mkoa wa Songwe kuanzishwa mwaka 2016. Huko watu walitengeneza chumvi kutokana na chemchemi za maji ya chumvi tangu takriban karne ya 13, wakaacha vigae vya vyungu kwa wingi.

Jiwe likishaondolewa mahali pake hubaki jiwe tu, kwa sababu tabaka ambamo lililala ndilo linalotaja umri wake na majirani zake. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inazilinda zana hizi. Anayefika Isimila atazame, aulize, apige picha, na kila jiwe aliache lilipo.