Kiungo Kikigoma, Taarifa Haijaharibika

Taarifa za miradi tunazotumiana kati ya Murungu na wafadhili huandikwa kwa LibreOffice, programu ya bure inayofanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. OpenOffice, iliyoitangulia, ilipata toleo la Kiswahili mwaka 2004.

Ukibonyeza kiungo huku umeshikilia Ctrl, au Cmd kwa Mac, programu haifungui ukurasa yenyewe. Huukabidhi mfumo wa kompyuta anwani, nao huita kisakuzi kilichochaguliwa, kama Firefox. Kwa hiyo kiungo kikigoma, tusiandike taarifa upya: tuangalie kwanza mtandao, kisha uchaguzi huo.

Kabla ya kubonyeza, weka kishale juu ya kiungo usome anwani. Maneno yaweza kutaja benki, anwani ikaelekea kwa matapeli. Tunaomba pia anwani ziandikwe kamili, wanaosoma kwenye karatasi wasiachwe nyuma.