Sifuri ya kwenye Leja

Kwenye leja ya dawa ya zahanati, safu ya dawa zilizotolewa, sifuri huandikwa kwa namna moja ila ina maana mbili. Huenda wiki ile hakuna aliyeugua. Au waliougua walikuja, wakapanga foleni, wakafika dirishani, wakaambiwa dawa imeisha, wakaondoka. Kalamu ni ileile na duara ni lilelile. Anayeisoma karatasi hiyo akiwa mjini, kilomita mia kadhaa kutoka lile dirisha, hana njia ya kujua ameshika sifuri ipi.

Siku hizi kuna mifumo mingi ya kompyuta ya kuwasaidia viongozi kufanya maamuzi: modeli za kukadiria mahitaji, programu za kugawa rasilimali, akili unde inayojifunza kutokana na takwimu za miaka iliyopita. Majina yanatisha kidogo, lakini swali linaloulizwa ni la kale kuliko umeme. Nilichonacho ni kidogo, wanaokihitaji ni wengi. Nimpe nani, kiasi gani, lini? Kila nikisoma habari za mifumo hii najikuta nimerudi kwenye ile sifuri. Mfumo usioweza kuzitofautisha sifuri mbili utatoa ushauri mbaya hata kama umegharimu mabilioni.

Hesabu yenyewe anaiweza mtoto wa darasa la tano. Tuchukue zahanati inayohitaji dozi mbili za dawa ya malaria kila siku, yaani 60 kwa mwezi. Robo ya kwanza ilipata dozi 141. Mwezi wa kwanza zikatoka 60, wa pili 60, wa tatu zikabaki 21, nazo zikaisha baada ya siku kumi na kitu. Mwisho wa robo mganga mfawidhi anajaza fomu: matumizi 141, wastani wa 47 kwa mwezi. Kompyuta inazidisha 47 kwa tatu na kumletea nini? 141. Robo inayofuata mambo yanajirudia vilevile, na inayofuata, na inayofuata. Kwenye chati ya makao makuu zahanati hii inaonekana tulivu kama maji ya mtungini. Haipandi, haishuki, haina tatizo. Kumbe kila robo mwaka watu wanarudishwa kwa karibu siku 20 mfululizo, na modeli inazidi kuamini kwamba 47 ndiyo mahitaji ya kweli.

Dawa ya ugonjwa huu wa hesabu inajulikana. Fomu nyingi za maombi zina safu ya kujaza siku ambazo dawa haikuwepo. Ukigawanya zile 141 kwa siku 70 na nusu ambazo dawa ilikuwepo, unapata mbili kwa siku, na ukweli umerudi. Lakini safu hiyo ndiyo inayoachwa wazi mara nyingi, maana anayeijaza ndiye huyohuyo anayepima watoto, anayezalisha na anayefunga vidonda. Na hata akiijaza, bado kuna mtego. Malaria hufuata mvua. Dawa ikiisha wakati mvua imekolea, siku zisizo na dawa ndizo zilizokuwa na wagonjwa wengi, na wastani wa siku za kiangazi hauwezi kuzisemea.

Kabla ya kulaumu fomu, tumwangalie mama anayekaanga maandazi alfajiri, kwa sababu yeye anaitatua kila siku kazi ambayo wanahisabati wameiandikia vitabu. Hajui leo watakuja wateja wangapi. Akikaanga machache, wa mwisho wataondoka mikono mitupu. Akikaanga mengi, yatalala. Tuseme kila andazi linalouzwa linampa faida ya shilingi 150, na kila linalolala linamtia hasara ya shilingi 50. Hesabu inasema hivi: chukua faida unayoikosa, igawanye kwa jumla ya faida hiyo na hasara ya kulaza. 150 kwa 200, sawa na robo tatu. Basi akaange idadi ambayo, kwa siku nne, itawatosheleza wateja wote siku tatu, na siku moja apungukiwe. Asikaange kwa wastani. Wastani ungemfaa tu kama hasara mbili hizo zingelingana.

Hapo ndipo dawa inapoachana na maandazi. Kidonge kikikosekana, anayelipa ni mtoto mwenye degedege, na gharama hiyo haina shilingi ya kuilinganisha nayo. Uwiano unasogea karibu kabisa na moja, ndiyo maana bohari hutakiwa kuwa na akiba ya miezi juu ya matumizi. Kinachozuia akiba isiwe mlima ni tarehe ya kuisha muda, pamoja na bajeti. Mtu anayeuliza kwa nini serikali ichome dawa zilizoisha muda anauliza swali la haki. Ila kituo ambacho hakijawahi kuharibikiwa na hata kopo moja, mimi ningekitilia shaka. Kinaweza kuwa ni kile cha 141.

Mwaka 2009 Tanzania ilijaribu kitu kimoja ambacho bado nakiona cha ajabu kwa udogo wake. Mradi uliitwa SMS for Life. Waliokuwemo walikuwa wakubwa: Wizara ya Afya, ubia wa Roll Back Malaria, kampuni za Novartis, Vodafone na IBM. Ungetarajia mitambo. Walichokileta ni meseji. Katika wilaya tatu, Lindi Vijijini, Kigoma Vijijini na Ulanga, vituo 129 vya afya vilikuwa vikiulizwa kila Alhamisi kwa ujumbe mfupi: mna kiasi gani cha dawa ya mseto, pakiti kwa pakiti, na sindano za kwinini ngapi? Mhudumu alijibu kwa simu yake mwenyewe, kitochi kilitosha, na meseji haikumkata salio. Akijibu ndani ya muda alipata vocha kidogo. Majibu yakakusanyika kwenye tovuti ambayo mganga mkuu wa wilaya aliweza kuifungua na kuona ramani: kituo gani kimeishiwa, kituo gani kimejaa.

Hakuna akili unde hapo. Hakuna utabiri wowote. Hata hivyo baada ya wiki 21, vituo vilivyokuwa vimeishiwa angalau aina moja ya dawa hizo vilipungua kutoka asilimia 78 hadi 26. Lindi Vijijini ilifika sifuri, ile sifuri nzuri, kufikia wiki ya nane. Kigoma ilianzia asilimia 93 na kuishia 47, jambo linalokumbusha kwamba kuiona shida na kuwa na gari la kuipelekea dawa ni vitu viwili. Wahudumu walijibu kwa kiwango cha asilimia 95, na wakaguzi walipokwenda vituoni kuhesabu wenyewe walikuta majibu sahihi kwa takriban asilimia 94.

Siri ilikuwa nini? Dawa nyingi zilikuwemo ndani ya wilaya tayari. Zahanati moja imelemewa na maboksi, jirani yake ng'ambo ya mto haina kitu, na aliyekuwa na mamlaka ya kuhamisha alikuwa hajui. Alipojua, alihamisha. Swali lilimfikia mhudumu kila wiki badala ya kila robo mwaka, likiwa fupi kiasi cha kujibika ukiwa umesimama. Nadhani wataalamu wengi wa mifumo wangefaidika kama wangelazimishwa kwanza kujenga kitu cha namna hii kabla ya kuruhusiwa kugusa chochote cha kujifunza chenyewe.

Hata swali fupi hilo lilikuwa na busara iliyofichika: kuuliza kila pakiti kivyake. Dawa ya mseto huja katika pakiti nne kufuatana na uzito wa mgonjwa, vidonge 6, 12, 18 na 24. Mtu mzima hupewa ya 24. Sasa pakiti za watu wazima zikiisha, muuguzi mwenye akili hafungi dirisha. Anachukua pakiti nne za watoto, 6 mara 4, mgonjwa anapona na kwenda zake. Kitabibu ni sawa kabisa. Kwa modeli ni balaa. Leja itaonyesha watoto wadogo wanne wametibiwa siku ambayo hakuletwa hata mmoja, na watu wazima ghafla wamekuwa na afya njema. Mwezi ujao kompyuta itashauri kuongeza dawa za watoto na kupunguza za wakubwa. Huruma ya muuguzi imegeuka kosa la takwimu, na hakuna aliyekosea.

Zipo pia hila. Meneja wa kituo akiomba maboksi 100 mara mbili akapewa 50, mara ya tatu ataomba 200. Ni nani atakayemlaumu? Watafiti wa Stanford walilieleza jambo hili mwaka 1997 wakichunguza biashara za Marekani: palipo na mgao, maagizo huacha kueleza mahitaji na kuanza kueleza hofu. Taarifa ya hofu inapopanda ngazi kutoka kituo hadi wilaya, wilaya hadi bohari, bohari hadi kiwandani, inavimba kila hatua, kama mjeledi: mkono umetikisika kidogo tu, ncha inapiga mlio.

Aliyetangulia kuonyesha mwendo huu alikuwa Jay Forrester, mhandisi aliyekulia kwenye ranchi ya ng'ombe huko Nebraska, akaja kubuni kumbukumbu ya sumaku ya kompyuta za kwanza pale MIT. Alipohamia kitivo cha uongozi mwaka 1956, watu wa General Electric walimletea kitendawili: viwanda vyao vya vyombo vya nyumbani huko Kentucky vilikuwa mara vinafanya kazi zamu tatu au nne, na miaka michache baadaye nusu ya wafanyakazi wanasimamishwa. Walidhani ni soko. Forrester alichukua penseli na ukurasa wa daftari, akaandika safu za akiba, maagizo na idadi ya wafanyakazi, kisha akapiga hesabu ya wiki baada ya wiki. Hata maagizo ya wateja yakikaa palepale, kiwanda bado kilipanda na kushuka. Msukosuko ulitoka ndani, katika kanuni za mameneja wenyewe za lini waajiri na lini waagize. Mtu aliyeshiriki kuunda kompyuta aliligundua hilo kwa penseli. Sijui kwa nini hili hunifurahisha kila mara.

Turudi kwenye akili unde, kwa sababu lipo jambo moja jipya kweli. Sierra Leone, watafiti wakishirikiana na serikali walitengeneza mfumo wa kugawa dawa muhimu kwa vituo 1040. Njia ya kawaida ina hatua mbili: mashine inakadiria mahitaji ya kila kituo, kisha hesabu nyingine inagawa shehena kulingana na makadirio. Kasoro ni kwamba hatua ya kwanza haijui ya pili itafanya nini. Mashine hufundishwa kupunguza makosa yote kwa usawa. Sasa fikiria hospitali yenye ghala lililojaa: ukikosea mahitaji yake kwa maboksi 20 hakuna kinachobadilika, maana haikuwa ipewe kitu. Zahanati iliyobakiwa na maboksi mawili ukiikosea kwa matatu, kuna watu watarudishwa. Makosa 20 hayana uzito, matatu yana uzito, lakini mashine ya kawaida hujitesa na yale 20.

Walichofanya ni kubadili uzito wa mifano wakati wa kuifundisha mashine. Vituo ambavyo kosa lake lingebadilisha mgao vilipewa sauti kubwa. Vile ambavyo kosa lake halibadilishi lolote vilinong'ona. Zaidi ya hayo, vituo vyenye takwimu chache viliazima kutoka kwa vinavyofanana navyo, kama jirani anavyoomba moto. Kwa jumla mashine inaweza kuwa mkadiriaji mbaya kidogo kuliko ile ya kawaida na wakati huohuo kuwa mshauri bora. Ningependa kila ofisi inayojisifu kwa usahihi wa makadirio yake iulizwe: usahihi wapi?

Bado nina wasiwasi, na hauhusu mashine. Mfumo ukishauri kituo fulani kinyimwe, mfamasia wa wilaya anayekifahamu kile kituo, anayejua kwamba daraja limekatika na kwamba wavuvi wamehamia kisiwani kwa msimu, lazima awe na nafasi ya kuandika "hapana" na sababu yake ikasomwa. Akikubali kila kitu, tumempoteza mtu pekee aliyekuwa akijua kisichokuwemo kwenye takwimu. Akikataa kila kitu, tulinunua kompyuta ya urembo. Hapo katikati hapana fomula. Pana mtu, simu yake, na gari ambalo pengine lina mafuta.

Fomu ya maombi ina safu ya kilichokuwepo, kilichopokelewa, kilichotolewa, kilichopotea, kilichobaki. Kila kopo linahesabiwa mara tano. Mwenye homa aliyefika dirishani akarudi na cheti mkononi hana safu.