Moshi ni Kuni Zisizoungua: Kuwasha na Kuendesha Jiko la Kuni Nyumbani

Katika nyanda za juu, kuanzia Makete na Njombe hadi Lushoto, miezi ya Juni, Julai na Agosti huleta zahanatini watu wenye kikohozi kisichoisha, watoto wanaopumua kwa haraka na wazee wanaokatika pumzi. Mhudumu huuliza nyumbani wanapikia nini. Akijibiwa kuni, huandika kuni, hushauri gesi, kisha humwita mgonjwa anayefuata. Ushauri huo ni sahihi. Lakini jioni ile ile mgonjwa hurejea katika nyumba ya baridi ambamo jiko la kuni ndilo linalopika, ndilo linalochemsha maji ya kuoga, na ndilo linalowapasha watu joto hadi wakati wa kulala. Mtungi wa gesi, hata pale unapopatikana, hufanya vizuri kazi mbili za mwanzo. Kwa kazi ya tatu, familia nyingi hurudi kwenye kuni au mkaa.

Swali ambalo ni nadra kuulizwa ni namna moto wenyewe unavyowashwa na kutunzwa. Kuni za mti mmoja, katika jiko moja, zaweza kuijaza nyumba moshi au kuungua karibu bila moshi, na tofauti hiyo hutokana na mikono ya mwenye kuwasha.

Moshi hutoka wapi

Ukuni ukitiwa motoni, kwanza hutoa maji yake, na sehemu yenye maji haipati joto la kuzidi sana nyuzi 100 mpaka maji hayo yaishe. Joto likifika takriban nyuzi 250, ukuni huanza kuvunjikavunjika na kutoa gesi pamoja na mvuke wa lami. Gesi hizo ndizo zinazowaka na kufanya mwali. Kinachobaki ni kaa, nalo huungua polepole, jekundu, bila mwali mkubwa. Ili gesi ziungue zote zinahitaji joto la nyuzi 600 hivi, hewa ya kutosha, na muda wa kuchanganyika na hewa hiyo kabla hazijagusa mahali pa baridi kama kitako cha sufuria. Kimojawapo kikikosekana, gesi hupoa na kuwa matone madogo ya lami na chembechembe za masizi. Huo ndio moshi. Ni kuni zilizonunuliwa, au zilizobebwa kichwani kutoka mbali, zikapita jikoni bila kutumika na kuishia vifuani mwa watu.

Watengenezaji wa majiko katika nchi za baridi waliitumia elimu hii kuunda chombo maalumu. Marekani na Kanada, ambako nyumba nyingi za vijijini hupashwa joto kwa jiko la chuma lililofungwa pande zote, kuna majiko yenye kichocheo: kipande cha kauri chenye matundu mengi mfano wa sega la nyuki, kilichopakwa madini ya jamii ya platinamu. Moshi ukipita humo huweza kuungua kwa nyuzi 260 hivi badala ya 600. Mwenye jiko huwasha moto huku njia ya moshi ikielekea moja kwa moja kwenye dohani, husubiri kipimajoto kionyeshe kwamba jiko limeshika joto, ndipo hufunga njia hiyo ili moshi ulazimike kupita kwenye kichocheo. Akifunga mapema, kichocheo bado ni cha baridi na hakifanyi kazi, na chumba chaweza kujaa moshi. Akichoma plastiki au mbao zilizopakwa rangi, kichocheo huharibika.

Majiko ya namna hiyo si ya kawaida kwetu, wala hakuna sababu ya kuyaonea wivu. Yanafundisha tu kwamba hata chombo cha gharama hushindwa mbele ya kuni mbichi na haraka ya mwenye kuwasha. Na yale ambayo kichocheo hicho hudai, yaani kuni kavu, joto kwanza, hewa ya kutosha na uvumilivu wa dakika chache, hata jiko la udongo hunufaika nayo.

Kabla ya kiberiti

Sehemu kubwa ya kazi hufanyika miezi kadhaa kabla ya moto. Mti uliokatwa leo waweza kuwa na maji yanayokaribia nusu ya uzito wake. Kuni zinazofaa jikoni zina maji chini ya asilimia 20, na hazifiki hapo kwa kuanikwa wiki moja. Mikaratusi, miwati na misonobari inayopandwa nyanda za juu hukauka vizuri ikiwa imepasuliwa, kwa kuwa gogo zima, likiwa na gamba lake, hushikilia maji kwa muda mrefu sana. Zipasuliwe mapema, unene usizidi kifundo cha mkono wa mtu mzima, zipangwe juu ya mawe au fito ili zisiguse ardhi, zifunikwe juu kwa bati, na pande ziachwe wazi upepo upite. Zinazopangwa hivyo mwanzoni mwa kiangazi huwa tayari baridi ijayo. Kuzifunika kwa turubai hadi chini ni kosa la kawaida: mvua haziingii, lakini na unyevu wa ndani hautoki.

Ukuni mkavu hutambulika bila kifaa. Ni mwepesi kuliko unavyoonekana, ncha zake zina nyufa, gamba hubanduka, na vipande viwili vikigonganishwa hulia kwa sauti kali. Ukuni mbichi hutoa sauti iliyofifia, na motoni hutoa povu mwishoni.

Kuwasha

Dakika za mwanzo ndizo zenye moshi mwingi, kwa sababu jiko, dohani na kuni vyote ni vya baridi. Ndizo pia dakika ambazo mama huinama kupuliza, mara nyingi akiwa na mtoto mgongoni. Endapo nyumbani yupo mtu mwenye pumu, ugonjwa sugu wa mapafu, moyo usiofanya kazi vizuri, au mjamzito, asiwe yeye wa kuwasha, na mtoto ashushwe akae kwingine mpaka mwali ushike. Hatua hii haigharimu shilingi hata moja, nayo ni miongoni mwa ushauri wenye thamani ambao mhudumu anaweza kuutoa akiwa hana kingine mkononi.

Namna ya kuwasha hutegemea jiko. Katika jiko lililofungwa lenye dohani, kuni nene hulazwa chini zikiachiana nafasi, juu yake kuni nyembamba, juu kabisa maranda au vijiti vikavu, na kiberiti huwashwa juu. Wengi huona kama kazi imepinduliwa. Lakini moto unaoshuka taratibu hufanya gesi za kuni za chini zipite katika mwali ulio juu yake, nazo zikaungua badala ya kutoka kama moshi. Dohani ikiwa baridi sana na moshi ukirudi ndani, karatasi moja au nyasi kavu ziwashwe kwanza karibu na mdomo wa dohani ili hewa yake ipate joto na kuanza kuvuta.

Katika jiko la kuchochea kwa mbele, kama majiko sanifu ya udongo na matofali, ni ncha za kuni tu zinazopaswa kuungua. Vipande viwili au vitatu vyembamba vinatosha, navyo husukumwa ndani kidogo kidogo kadiri vinavyoliwa na moto. Mdomo wa jiko usijazwe. Nusu yake ya chini ni njia ya hewa, na anayeijaza kuni ili asirudi kuchochea huwa ameuziba moto pumzi. Mafiga matatu nayo huboreka kwa kanuni zile zile, ingawa si sana, maana joto lake hupotea pande zote.

Mafuta ya taa yasimiminwe kamwe juu ya makaa yaliyo hai. Mvuke wake hulipuka, na wodi za majeraha ya moto zinawafahamu waliofanya hivyo. Mifuko ya plastiki huwaka upesi, ndiyo maana hupendwa kuwashia, lakini moshi wake una sumu ambazo kuni hazina.

Kupunguza muda wa moto ni sehemu ya kuuendesha. Maharage na mahindi ya makande yakilowekwa usiku kucha huiva mapema zaidi, na kifuniko cha sufuria kinachokaa sawasawa huokoa kuni kuliko wengi wanavyodhani. Dohani nayo ikaguliwe na kusafishwa masizi mara kwa mara wakati wa baridi. Ikiziba, moshi hurudi chumbani, na masizi yenye lami yakishika moto yaweza kuunguza paa. Ipite juu ya kilele cha paa. Inayoishia chini ya ukingo wa bati huurudisha moshi dirishani.

Haya yote yasiuzwe kama tiba. Jaribio lililofanyika Guatemala, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2011, lilionyesha kwamba jiko lenye dohani lilipunguza moshi uliowafikia watoto kwa takriban nusu. Nimonia kali ilipungua kwa karibu theluthi, lakini kwa nimonia zote kwa jumla upungufu haukuwa wa kuthibitika. Malawi, mwaka 2017, majiko yaliyoboreshwa ya kuni hayakupunguza nimonia kwa watoto. Utafiti wa gesi uliohusisha Rwanda na nchi nyingine tatu, uliochapishwa mwaka 2024, nao haukuonyesha kupungua kwa nimonia kali kwa watoto wachanga. Chanjo na lishe, kwa hiyo, hazibadilishwi na jiko lolote. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020, na mkakati wa Tanzania wa nishati safi ya kupikia unalenga asilimia 80 ya wananchi ifikapo mwaka 2034. Miaka iliyobaki hadi hapo ina baridi zake, na kifua kinachowashwa na moshi kila siku kinastahili moshi mchache hata kama bado si sifuri.

Moto wa usiku

Desturi ya kulaza moto, yaani kuliacha gogo nene lifuke hadi alfajiri ili makaa yasizimike, ina faida ya kuokoa kiberiti na hasara nyingi. Gogo linalofuka halina mwali, kwa hiyo gesi zake karibu zote hutoka bila kuungua. Wenye majiko ya chuma hufanya kosa lile lile kwa njia nyingine, wanapofunga kabisa tundu la hewa kabla ya kulala. Moto mdogo wenye mwali, ukaachwa uishe wenyewe kabla watu hawajalala, ni salama zaidi.

Hatari kubwa kuliko zote haina moshi kabisa. Wengi huwasha jiko la mkaa nje, husubiri mkaa uwe mwekundu na moshi uishe, kisha huliingiza chumbani wakiamini kwamba sumu imekwisha. Kilichokwisha ni kile kinachoonekana. Mkaa mwekundu huendelea kutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huishika himoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Katika chumba kilichofungwa madirisha kwa ajili ya baridi, walalao hupoteza fahamu kabla ya kuamka. Kuacha dirisha wazi kidogo hakulifanyi jiko la mkaa kuwa salama katika chumba cha kulala. Blanketi la ziada na chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri hufanya kazi hiyo bila kuua.

Zahanatini

Watu wawili au zaidi wa nyumba moja wakifika asubuhi na maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu au kuchanganyikiwa, bila homa, chakula cha jana na malaria visiwe dhana pekee. Aulizwe aliyeamka akiwa na nafuu: usiku kulikuwa na jiko chumbani? Je, waliotoka nje walipata ahueni? Je, kuna mwingine aliyebaki nyumbani akiwa bado amelala? Swali hili la mwisho liulizwe kwanza, na mtu atumwe mara moja.

Kipima oksijeni cha kidoleni hakifai kuaminiwa hapa. Kifaa cha kawaida hakitofautishi himoglobini iliyobeba oksijeni na ile iliyoshikwa na kaboni monoksaidi, hivyo chaweza kuonyesha asilimia 98 kwa mtu aliye hatarini. Oksijeni itolewe kwa dhana tu, bila kusubiri kipimo, kwa barakoa yenye mfuko na kwa mtiririko wa juu. Kwa hewa ya kawaida, kiasi cha gesi hiyo katika damu huchukua takriban saa 4 hadi 6 kupungua nusu. Kwa oksijeni ya namna hiyo huchukua kama saa moja hadi moja na nusu. Mjamzito apewe oksijeni kwa muda mrefu zaidi na apelekwe hospitali hata akijisikia vizuri, kwa sababu himoglobini ya kijusi huishika gesi hii kwa nguvu zaidi na huiachia polepole kuliko ya mama.

Mgonjwa aliyepona asubuhi hiyo hajamaliza. Usahaulifu, kubadilika tabia na kutembea kwa shida vyaweza kujitokeza siku kadhaa hata wiki kadhaa baadaye, na ndugu ndio watakaoviona kwanza. Waelezwe hayo yeye akiwapo, na tarehe ya kurudi iandikwe kwenye daftari lake kabla hajaondoka.