Vichocheo Vinavyofungua Ghala la Hidrojeni

Abiria anayepanda Toyota Prius au Aqua jijini Nairobi au Dar es Salaam huenda anasafiri na hidridi ya metali bila kujua. Mengi ya magari hayo yalitoka kiwandani na betri za nikeli na hidridi. Betri inapochajiwa, hidrojeni hujipenyeza ndani ya aloi ya nikeli na metali adimu. Inapotoa umeme, hidrojeni hutoka. Mzunguko huo hujirudia mara nyingi mno, na dereva hasikii chochote.

Kwamba metali inaweza kumeza gesi si habari mpya. Mwaka 1866 mkemia Thomas Graham, mzaliwa wa Scotland, alionyesha kuwa paladiamu hufyonza hidrojeni yenye ujazo mkubwa mara mamia kuliko wake yenyewe. Molekuli ya gesi hiyo ina atomu mbili zilizoshikana. Ikigusa uso wa metali inayofaa, hupasuka, na kila atomu hutafuta nafasi yake katikati ya atomu za metali. Hidridi huzaliwa hapo.

Faida yake ni kubwa. Kilo moja ya hidrojeni hubeba nishati karibu mara tatu ya kilo ya petroli, lakini ikiachwa katika shinikizo la kawaida la hewa hujaza nafasi ya meta za ujazo 11 hivi. Ndiyo maana gari kama Toyota Mirai huibana kwa shinikizo la takriban mara 700 ya lile la hewa, ndani ya matangi ya nyuzi za kaboni. Wengine huipoza hadi nyuzi 253 chini ya sifuri ili iwe kimiminika. Kubana na kupoza huko hula nishati nyingi. Hidridi ya magnesiamu hufanya jambo ambalo wengi huliona gumu kuamini: lita moja yake ina takriban gramu 110 za hidrojeni, ilhali lita moja ya hidrojeni kimiminika ina gramu 71 tu.

Kwa nini basi matangi ya magari hayajajazwa unga wa hidridi? Kwa sababu ghala hili ni gumu kufungua, na mara nyingi ni gumu zaidi kujaza tena.

Chukua alanati ya sodiamu, unga mweupe uliotengenezwa kwa sodiamu, alumini na hidrojeni. Ukipashwa moto hutoa hidrojeni kwa hatua mbili, jumla ikiwa karibu asilimia 5.6 ya uzito wake. Kwa miongo mingi wakemia waliutumia maabarani, lakini kama ghala hawakuuhesabu. Hidrojeni ikishatoka, kuirudisha kulidai joto na shinikizo kubwa mno, pamoja na subira ndefu. Tangi lisilojazika tena si tangi.

Mabadiliko yalitokea Mülheim an der Ruhr, Ujerumani, katika taasisi ya Max Planck inayochunguza makaa ya mawe. Mwaka 1997 Borislav Bogdanović na Manfred Schwickardi walichapisha matokeo ya kuchanganya alanati na kiasi kidogo cha misombo ya titaniamu kama kichocheo. Unga uleule ulianza kutoa hidrojeni katika joto la chini zaidi, na kubwa kuliko hilo, ulikubali kuipokea tena. Ulijazwa, ukamwagwa, ukajazwa tena.

Titaniamu haikuwa ngeni katika jengo hilo. Hapohapo, mwaka 1953, Karl Ziegler aligundua kuwa misombo ya titaniamu na alumini huunganisha molekuli za ethilini kuwa plastiki bila kuhitaji shinikizo kubwa, kazi iliyomletea Tuzo ya Nobel mwaka 1963 pamoja na Giulio Natta wa Italia. Ndoo na mabomba ya plastiki yaliyojaa masoko ya dunia kwa sehemu yanatokana na ugunduzi huo. Ujuzi wa metali moja ulikaa katika taasisi kwa zaidi ya miaka 40, kisha ukazaa tunda la pili ambalo hakuna aliyelipangia bajeti mwanzoni. Wanaogawa fedha za utafiti wangefaa kuitafakari historia hiyo.

Kisa cha magnesiamu kina ugumu wake. Metali hii ni nyepesi, inapatikana kwa wingi, na hidridi yake ina hidrojeni asilimia 7.6 kwa uzito. Tatizo ni kwamba uso wake haujui kupasua molekuli za hidrojeni, tena hufunikwa upesi na oksidi. Hata atomu zikifanikiwa kuingia, gamba la hidridi hujengeka juu ya punje na kuzuia zinazofuata. Bila msaada, kujaza huchukua saa nyingi.

Msaada huo hutengenezwa kwa kusaga. Unga wa magnesiamu hutiwa katika chombo cha chuma pamoja na gololi za chuma na chembe za kichocheo, kisha kinu huzungushwa kwa kasi, pengine kwa saa kadhaa mfululizo. Gololi huponda punje, huvunja gamba la oksidi na kukigandamiza kichocheo kwenye uso mpya. Kazi yote hufanyika ndani ya argoni, gesi isiyoungana na kitu. Mtafiti huushika unga kwa glavu nene zilizofungwa kwenye sanduku la kioo, kwa kuwa unga laini kiasi hicho unaweza kuwaka ukikutana na hewa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti wa Geesthacht, karibu na Hamburg, walitumia oksidi ya niobiamu kwa njia hii. Magnesiamu yao ilijaa na kumwaga hidrojeni kwa dakika chache katika nyuzi 300.

Nyuzi 300 hizo hazikuondoka, na msomaji anapaswa kulielewa hili vizuri, maana habari za ugunduzi mara nyingi hulipita. Kichocheo huharakisha safari. Hakibadilishi mwanzo wala mwisho wake. Barabara mpya inaweza kupunguza saa za kutoka Mombasa hadi Nairobi, lakini haiwezi kuishusha Nairobi, ambayo itabaki karibu meta 1,700 juu ya bahari. Kutoa hidrojeni yote katika hidridi ya magnesiamu hudai joto linalokaribia theluthi moja ya nishati iliyomo ndani ya hidrojeni yenyewe. Wakati wa kujaza, joto hilohilo hurudi nje: kilo tano zikiingizwa kwa dakika tano, tangi litalazimika kutoa joto la kilowati 600 na zaidi. Hakuna kichocheo kitakachoifuta hesabu hiyo. Ama hidridi ibadilishwe yenyewe, ama joto litumike kwa akili.

Zaidi ya joto, upo uzito: hata hidridi ya magnesiamu ina hidrojeni asilimia 7.6 tu. Kwa hiyo hidridi zinafanya kazi vizuri mahali ambapo uzito si adui. Nyambizi za Ujerumani za aina ya 212A hubeba hidrojeni yake katika mitungi ya hidridi. Afrika Kusini, watafiti wa Chuo Kikuu cha Western Cape walitengeneza tangi la hidridi kwa ajili ya foklifti inayotumia hidrojeni katika kiwanda cha kusafishia platinamu mjini Springs. Foklifti huhitaji uzito nyuma ili isipinduke inapoinua mzigo, na tangi zito likawa baraka.

Afrika Mashariki nayo ina sababu ya kuutazama utafiti huu kwa karibu. Sehemu kubwa mno ya niobiamu ya dunia hutoka Brazil, lakini madini hayo yamo pia katika kilima cha Panda, Mbeya, na cha Mrima, Kwale. Kichocheo huhitajika kidogo tu, kwa hiyo hakitaleta utajiri wa tani nyingi. Thamani yake iko katika ujuzi wa kukiandaa. Idara za kemia za vyuo vyetu zinaweza kuanza na kinu cha gololi, sanduku la argoni na kipimo cha shinikizo, na wanafunzi wa shahada za juu wapewe nafasi ya kuvitumia.